Mishale ya Masanduku Sita

14 Januari

Mjomba Spana,

Shikamoo. Na wewe mkaza mjomba, shikamoo, maana najua ndiwe utakayemsomea hii sikioni kwa sauti ambayo jirani wa tatu anaisikia bila kutoka kitandani. Jirani wa tatu, hujambo.

Mimi mzima. Chumba nilichopanga kiko ghorofa ya nne, lifti ni pambo tu, na mwenye nyumba kila asubuhi anagonga kuuliza kama nimefunga bomba. Nimefunga. Mama ameniandikia kwamba goti lake limepoa, na kwamba hamjamtembelea tangu mwaka jana. Nayafikisha malalamiko kama nilivyoyapokea.

Sasa nije kwenye kilichonikalisha mezani. Mjomba, kumbe nafanya kazi na mawe yako! Profesa wetu, tunayemwita Mzee Milimita kwa sababu utakazozikisia mwenyewe, amenipa miche ya mawe iliyochorongwa kwa mtambo kwenye bonde kavu miaka thelathini na miwili iliyopita. Mirefu, ya mviringo, utadhani miche ya sabuni. Mita mia mbili za tope la ziwa la kale lililogeuka jiwe. Nimefungua daftari la mtambo, ukurasa wa kwanza, msimamizi wa zamu: Spana. Nilipiga ukelele mpaka fundi wa maabara akadhani nimeungua.

Kazi yangu ni kujua tope lile lina umri gani. Naeleza kwa ufupi ili msomaji asikauke koo. Tope linapotua chini ya ziwa huwa na chembe za chuma, na kila chembe ni kama sindano ya dira: inajipanga kufuata sumaku ya dunia, kisha inaganda hivyo hivyo. Na sumaku ya dunia ina vituko. Baada ya malaki ya miaka inajigeuza, kaskazini inakuwa kusini, halafu baadaye inarudi. Mimi naikata miche vipande vidogo, naviweka kwenye tanuri kufuta sumaku ya juzijuzi, kisha mashine inaisoma ile ya kale. Ikiinama chini, napaka mstari mweusi. Ikiinuka juu, naacha mweupe. Mwishoni nina kipande cha soksi ya mistari. Wataalamu wanayo soksi nzima ya dunia, kila mstari na umri wake, na mimi natafuta kipande changu kimechanika kutoka wapi.

Tatizo ni kwamba mtambo wako ulikuwa unazunguka na kuuzungusha mche, kwa hiyo kaskazini na kusini ya jiwe ilishapotea. Kilichobaki ni juu na chini tu, na hayo nayajua kwa mishale iliyochorwa kwenye kila kipande, kando ya namba ya sanduku. Masanduku ya mbao yaliliwa na mchwa zamani, mtunza ghala akayahamishia mawe kwenye plastiki akifuata mishale hiyo hiyo. Kwa hiyo mimi na elimu yangu yote tunaishi chini ya mishale yenu.

Mingi ni myembamba, ina mkia. Ila kwenye sanduku la 31 mpaka la 36 ni minene, haina mkia, imekandamizwa hadi jiwe limechimbika. Na ni humo humo tu nilimopata mstari mweupe, katikati ya weusi mtupu. Nani alichora mishale hiyo? Ni swali dogo tu.

Mpwa wako,
Bi Maswali


9 Februari

Mpwa wangu Bi Maswali,

Marahaba. Jirani wa tatu anasema hajambo. Sisi tupo. Paa la jikoni linavuja pale pale lilipozibwa, na fundi aliyeliziba siku hizi anapita njia ya nyuma. Masikio yangu ni yale yale, mtambo uliyachukua na hautayarudisha. Mkaza mjomba wako anamsalimu mama yako na goti lake pia. (Goti sikulisema mimi mkaza mjomba wako, ameliongeza yeye. Mwandishi.)

Nimefurahi mawe yangu yamefika chuo kikuu kabla yangu. Unajua, zile siku tulikuwa tunatoa sanduku moja kwa siku. Bomba likipanda, tunalilaza, tunaligonga kwa nyundo ya mpira, mche unateleza kutoka na maji yake, una harufu ya chungu kipya. Hapo nilikuwa mfalme. Nikisema simama, mtambo unasimama.

Lakini mfalme huyo, wewe unamjua, na profesa wako asimjue: mkono wangu haukuwahi kukutana na kalamu. Tarakimu nilijifunza kwenye geji za mtambo; herufi hazina geji. Mke wangu alikuwa ameajiriwa mpishi wa kambi. Akimaliza masufuria anakuja kwenye hema la mawe, mimi nasema, yeye anajaza daftari na kuchora mishale. Kampuni iliamini mwandiko ni wangu. Mkaguzi mmoja alinisifu mbele ya watu, akasema wengine waige. Mke wangu alikuwa pale pale anagawa chai, uso mkavu kama hakusikia. (Nilisikia. Mwandishi.)

Kuhusu swali lako, mishale ni mishale. Juu ni juu. Kula vizuri, na mwambie mwenye nyumba aweke bomba jipya.

Mjomba wako


2 Machi

Mjomba,

Shikamoo kwenu wote wawili. Nilicheka kuhusu mkaguzi mpaka nikamwaga chai kwenye chati. Siri yako iko salama, Mzee Milimita hatajua.

Nimehama meza. Sasa nakaa karibu na chumba cha mashine, chenye kuta nzito za kuzuia sumaku ya nje. Kuingia humo unavua saa, mkanda, funguo, kila kitu cha chuma. Fundi wa maabara hushika suruali yake kwa mkono mmoja siku nzima, na hakuna anayecheka tena.

Sasa, mishale ni mishale, nimekuelewa, ila hukunijibu. Ngoja nikuambie kwa nini nakung'ang'ania. Mwezi wa kumi nitasimama mbele ya wataalamu kutoka vyuo vingi niseme bonde lile lina umri gani, na shahada yangu inategemea maneno nitakayoyatamka. Kama masanduku yale sita yako sawa, basi nimegundua mgeuko mfupi wa sumaku ambao hakuna aliyewahi kuuona kwenye bonde lile, na kipande changu cha soksi kinaangukia kwenye miaka milioni kumi na sita. Kama mishale ile imechorwa kichwa chini, hakuna mgeuko wowote, bonde ni la milioni kumi na moja, na mimi nitakuwa nimepanda jukwaani kutangaza kosa la kalamu.

Mzee Milimita ana furaha, anaimba kwenye korido, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mimi silali vizuri. Nimejaribu kuunganisha mwisho wa sanduku moja na mwanzo wa linalofuata, lakini kingo nyingi zimemeguka, haziniambii kitu. Na kugeuza mawe ili yakubaliane na mimi, bila shahidi, huo si utaalamu, ni wizi. Shahidi ni wewe. Nani alichora?

Bi Maswali


27 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ilichelewa, au jibu langu limechelewa, tuseme posta. Mama yako tumemtembelea, goti liko vizuri, mdomo uko vizuri zaidi. Mvua imepiga na paa limeshindwa. Mkaza mjomba wako anasema niandike kwamba siku hizi sikai nyumbani, nashinda kibandani kwa fundi viatu kama nimeajiriwa kushika gundi. Nimemwambia mwanaume mwenye masikio mabovu ana haki ya kukaa na mtu asiyeongea. (Na viatu vyenyewe hana vya kushonwa. Mwandishi.)

Masanduku yote yaliandikwa kwa mkono mmoja. Ndivyo ilivyo kwenye daftari. Daftari limesema, nani mimi nibishane nalo? Wewe sema miaka milioni kumi na sita, ni mingi, inapendeza. Profesa anaimba, mwache aimbe.

Mvua, tope, upepo wa mtambo, kalamu ya wino wa mafuta ikiisha mtu anakandamiza. Hayo ndiyo maelezo. Mimi ni mzee, usiniulize jiwe moja moja.

Mjomba wako


11 Mei

Mjomba, na mkaza mjomba,

Shikamoo. Huku tuko salama. Mwenye nyumba ameleta fundi bomba, na sasa bomba halifungiki kabisa.

Nimeisoma barua yenu mara nne na kila mara natoka nimepotea zaidi. Mnanijibu kama watu wanaoongea na askari. Tangu lini mjomba wangu akasema "mimi ni mzee"? Mwaka jana ulipanda juu ya tangi ukanitukana kwa kukushikia ngazi!

Nimefanya kitu ambacho labda si adabu. Nimeweka barua zenu kando ya picha za mawe. Mkaza mjomba, tatu yako ina kichwa bapa, tangu zamani, hata kwenye barua hizi. Iko hivyo sanduku la 30, iko hivyo sanduku la 37. Lakini 31 mpaka 36 ina tatu ya mviringo, kama sikio. Huo si mkono wako. Na kwenye daftari kurasa za siku hizo sita ni mwandiko wako, lakini wino ni ule wa ukurasa wa sanduku la 37. Mtu alizijaza baadaye, zote kwa mkupuo.

Basi nakuuliza wewe mwenyewe, mkaza mjomba, pita pembeni ya Mjomba. Siku zile sita ulikuwa wapi? Na kama kuna aibu ya kazi ndani yake, semeni tu. Ni mimi, si kampuni. Mficha uchi hazai.

Bi Maswali


30 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Jua limerudi.

Mkaza mjomba wako anasema hakumbuki alikuwa wapi. Anasema miaka ni mingi, na sufuria zilikuwa nyingi. Anasema tatu huandikwa namna yoyote. Mimi nimemuuliza mara moja tu, naye amejibu hivyo, na ndivyo ninavyosema iandikwe.

Anasema pia ile methali ya mwisho usiirudie katika nyumba hii.

Mjomba wako

(Nimeandika nilivyoambiwa. Mwandishi.)


8 Agosti

Mjomba, mkaza mjomba,

Shikamoo. Nisameheni. Nimekaa wiki tatu na ile methali, na kila nikiikumbuka natamani kuufunga mdomo wangu kwa gundi ya fundi viatu. Nyumba yenu haina watoto, mimi ndiye niliyekuwa mtoto humo kila likizo, na bado nimeandika neno kama lile kwa mzaha. Heri ningejikwaa dole kuliko ulimi. Sina cha kujitetea.

Lakini sielewi. Naapa sielewi. Nimeuliza habari za mshale, nikajibiwa paa, fundi viatu, sufuria, na sasa nimejibiwa kidonda. Nimempigia Mama kumuuliza. Akaniuliza kama nakula. Kila mtu ananiuliza kama nakula!

Sitawasumbua tena. Muhtasari wa hotuba yangu unatakiwa tarehe ishirini na nane Septemba. Hakuna shahidi, kwa hiyo nitafuata mishale ilivyo: mgeuko mpya, miaka milioni kumi na sita. Mzee Milimita tayari ameupatia mgeuko huo jina la utani. Watu wananipongeza kwenye ngazi, nami natabasamu kama mtu aliyevaa kiatu cha mwenzake.

Msalimieni jirani wa tatu.

Mpwa wenu


3 Septemba

MPWA.

HII NI MIMI. MKONO WANGU. FUNDI VIATU ANANIFUNDISHA TANGU BARUA YAKO YA KWANZA. USICHEKE HERUFI.

MISHALE MINENE NI YANGU. INAELEKEA CHINI. NILICHORA KULE MTAMBO UNAKOKWENDA. MKE WANGU ALIKUWA ANACHORA KULE MTU ALIKO. SIKUWAHI KUTAZAMA YAKE.

SIKU SITA HAKUWEPO. ALIKUWA HOSPITALI. MIMBA YA MIEZI SABA. MTOTO ALIISHI SIKU TATU.

NILIMWAMBIA UJUMBE ULINIFIKIA SIKU YA SITA. MPAKA LEO ANAJUA HIVYO. SI KWELI. MTU WA REDIO YA KAMBI ALINIAMBIA SIKU YA KWANZA.

NINGEONDOKA WANGELETA MSIMAMIZI MWINGINE. ANGEFUNGUA DAFTARI. ANGEKUTA KURASA TUPU. WANGEJUA SIJUI KUANDIKA. NILILIFUNGIA DAFTARI NIKALIKALIA. NILISEMA KESHO NITAKWENDA. NIKASEMA KESHO. SIKU YA SABA MTAMBO ULIHARIBIKA, KAZI IKASIMAMA, NIKAENDA. WALIKUWA WAMESHAZIKA.

GEUZA MAWE.

USIMWAMBIE. AU MWAMBIE. SIJUI. YEYE NDIYE ANAYESOMA BARUA ZAKO.

MJOMBA


18 Septemba
(Imepitishwa kwa fundi viatu)

MJOMBA,

SHIKAMOO. NAANDIKA KWA HERUFI KUBWA ILI USOME MWENYEWE. HERUFI ZAKO NI NZURI. SIKUCHEKA. NILILIA KWENYE NGAZI, FUNDI WA MAABARA AKANILETEA MAJI.

NILIGEUZA MAWE. MSTARI MWEUPE UMEPOTEA. KISHA NIKATAFUTA USHAHIDI MWINGINE, NIKAUPATA. KWENYE NCHA MOJA YA SANDUKU 36 KUNA NUSU YA KONOKONO MDOGO WA ZIWANI. NUSU NYINGINE IKO MWANZO WA SANDUKU 37. MIEZI YOTE SIKUIONA, KWA SABABU MISHALE ILIZIWEKA ZOTE JUU, NA HAKUNA ANAYELINGANISHA JUU NA JUU. NIMEZIUNGANISHA. ZIMEINGIANA KABISA.

BONDE NI LA MIAKA MILIONI KUMI NA MOJA. MZEE MILIMITA HAIMBI TENA, LAKINI AMENIPA MKONO.

SASA NISIKILIZE. KWENYE KITABU CHA SHAHADA YANGU LAZIMA NISEME KWA NINI NILIGEUZA MASANDUKU SITA. SITAMWAMBIA MKAZA MJOMBA, LAKINI SITADANGANYA PIA. NA KITABU ATAKISOMA, UNAMJUA. NI BORA AKUSIKIE WEWE KABLA HAJANISOMA MIMI. SIJUI KAMA NASEMA SAWA. NAKUPENDA, NA NINA HASIRA NA WEWE, VYOTE PAMOJA.

MPWA WAKO


12 Oktoba

Mwanangu,

Leo hakuna anayeniambia niandike nini, na kalamu imekuwa nzito tangu asubuhi. Hatujambo. Paa limezibwa, amelipanda mwenyewe, nami sikumshikia ngazi.

Barua uliyopitisha kwa fundi viatu nimeisikia. Aliingia nayo jikoni akaniambia nikae. Kisha akaisoma yeye, kwa ile sauti yake ya mtu asiyejisikia, kidole juu ya kila herufi, na mimi nimeshika mwiko. Miaka thelathini na minne nimemsomea huyu mtu barua, dawa, mabango ya barabarani. Sikuwahi kusomewa. Alipofika kwenye konokono alikwama, akarudi nyuma, akasoma upya. Wali uliungua wote. Alipomaliza alisema mengine ambayo hayamo kwenye barua yako, na hayo yatabaki jikoni.

Nami nikamwambia langu, na sasa nakuambia wewe, kwa sababu nimekuchezea mwaka mzima. Nilijua. Mke wa mtu wa redio aliniambia wiki ile ile niliyorudi kambini. Ujumbe ulifika siku ya kwanza, saa nne asubuhi, watu wanakunywa chai. Nikasema sitamuuliza, nitangoja aniambie mwenyewe. Nikangoja mwezi, nikangoja mwaka, mwishowe nikazoea kungoja kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana. Tulicheka, tulijenga, tulikulea wewe kila likizo. Na kila akiniambia "andika hivi", naandika, na moyoni nasema, na lile jingine utaniambia lini?

Na mishale pia niliijua. Niliporudi kwenye hema niliyakuta masanduku sita, kila kipande kichwa chini. Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Ingekuwa kazi ya nusu saa kuikwangua na kuchora upya. Nilijaza zile kurasa tupu za daftari ili kampuni isimfukuze, maana tungekula nini, lakini mishale sikuigusa. Nilisema ikae hivyo hivyo. Siku moja atatokea mtu aulize nani alichora hii, na mjomba wako atalazimika kujibu. Sikujua kwamba atakayeuliza ni mtoto niliyemfunga nepi. Ulipouliza nikaogopa kuliko yeye. Nilikuwa naisoma barua yako kwa sauti huku natamani koo linikauke kweli. Nilikaribia kukuaibisha mbele za watu kwa hasira yangu ya zamani isiyokuhusu. Nisamehe, mwanangu. Methali yako nilishaisamehe siku ile ile.

Yeye kama nimemsamehe, sijui. Nikiamka naona nimemsamehe. Nikifika kwenye kuosha vyombo naona bado. Jana alinikuta nimesimama na sahani, akaichukua, akaisuuza, akairudisha kabatini mahali pasipo pake. Leo nimeiacha hapo hapo.

Sasa kuhusu kitabu chako. Usiandike kwamba palikuwa na kosa, maana profesa wako hatajua ni la nani kati yetu wawili. Andika hivi: Masanduku 31 hadi 36 yaliwekwa alama na mtu mwingine kwa sababu mwandishi hakuwepo. Alikuwa amejifungua mtoto wa kike.

Najua hilo la mwisho halihitajiki katika mambo ya sumaku. Liandike hata hivyo. Hakuna daftari lingine lolote lililomwandika.

Mkaza mjomba wako

NIMESOMA YOTE. NI KWELI. LIANDIKE.
MJOMBA